Sikio la Fundi Twaha

Mara ya tatu Twaha aligonga, na mara ya tatu mti ukamjibu kama mtungi mtupu.

Hakugeuka. Nyuma yake kilima kizima kilikuwa kimenyamaza: wapiga ngoma, akina mama waliovaa za kanisani, na mama Emiliana aliyetoka Gitega na daftari lake la miti ya kale. Umuvumu huu wa Mutaho, mti wa jamii ya mkuyu, hata watu saba hawakuweza kuukumbatia wakashikana mikono. Lakini daftari lilikuwa na sharti lake. Mti mzima unaandikwa, unasherehekewa, unazungushiwa ua, na jembe haligusi tena udongo wake. Mti uliooza ndani unaangushwa kabla haujaua mtu, na kisiki kinang'olewa na mizizi yake.

"Alors, fundi?" Emiliana aliita. "Iko muzima ao iko mugonjwa?"

"Mama, hata daktari anaangalia ulimi kwanza. Acha niutafute ulimi."

Watu wakacheka. Yeye jasho lilimtiririka mgongoni. Miaka thelathini ya kupasua mbao Muyinga ilikuwa imemla vidole viwili na kumwachia sikio, na sikio hilo ndilo lililomfikisha hapa.

Tatizo lilikuwa mzee Kasiano. Shamba lilikuwa lake. Alikuwa amelirudia kutoka Tanzania, alikokimbilia akiwa mtoto. Kila jioni alikuwa akija kukaa kwenye mizizi ya mti na kuongea peke yake. "Anaupenda kuliko bibi yake," Emiliana alikuwa amemwambia Twaha. Na asubuhi hiyo mzee alimnywesha uji wenye asali, kisha akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mbele ya watu hawa mimi siwezi kusema neno. Nisaidie."

"Nikusaidie na asali imeisha?" Twaha alimtania. Mzee hakutabasamu.

Sasa mzee alikuwa amesimama pale, kofia mkononi. Twaha alikuwa ameona watu wakisimama hivyo mlangoni mwa hospitali.

Akazunguka upande wa pili, akagonga tena. Huku ganda lilikuwa nene, unene wa mkono mzima. Mti ulikuwa mtupu, lakini ulikuwa bado na kiuno. Ungesimama miaka kumi. Labda ishirini. Na ukianguka kesho, nani atatafutwa? Si mwingine, ni yule fundi wa Muyinga mwenye vidole vinane.

"Sema wote wasikie," Emiliana alisema, kalamu mkononi. "Na jina lako naliandika hapa chini."

Twaha akamtazama Kasiano. Mzee alikuwa amefumba macho.

"Andika, mama. Iko muzima. Utatuzika sisi wote. Ila ngoma zipigiwe kule mbali. Mti muzee haupendi makelele."

Kilima kikalipuka. Vigelegele, ngoma, vumbi. Emiliana aliandika mstari wake, akaupigia saini, na vijana wakaanza kusimika nguzo za ua.

Kasiano hakucheza. Twaha alimkuta amechuchumaa katikati ya mizizi, viganja vyake vimelala juu ya udongo.

"We mzee, mi nimetia jina langu motoni kwa ajili yako," alimnong'oneza. "Asante yangu iko wapi?"

"Ndani kulikuwaje?"

"Upepo mutupu. Lakini hiyo iko siri yetu, mi na we."

Mzee aliendelea kuupapasa udongo mpaka wapiga ngoma wakapumzika.

"Baba yangu yuko chini ya mizizi hii, fundi," alisema. "Tangu mauaji ya mwaka sabini na mbili namngoja mtu wa kuichimba, nimtoe."