Kichwa Kinachofunguka Kinyume

Kichwa cha lile jiko dogo la shaba, pale moto unapotokea, kiligoma kufunguka. Nilizungusha spana kushoto mpaka kiganja kikauma. Mteja aliyelileta kutoka Göteborg alisimama kwenye dirisha la karakana yangu akinywa kahawa ya dada yangu Ingegerd.

Sijui nini kilinituma nizungushe kulia. Kikafunguka kama kifuniko cha chupa ya jemu.

Hakuna kiwanda kinachokata hesi, ile mifuo ya skrubu, kinyume hivyo. Ni mjinga mmoja tu aliyewahi: mimi, nilipokuwa nakereza kichwa kipya cha jiko la kambi la baba. Baba alicheka hadi akakaa chini kwenye theluji. "Kiache hivyohivyo," akasema. "Mwizi atakoma."

Hakupanda mlima bila jiko hilo. Alipofariki tukakubaliana azikwe nalo, na Ingegerd akaapa kwamba amelilaza miguuni pake kabla jeneza halijafungwa.

"Ulilipata wapi?" nikamuuliza mteja.

"Mnadani. Aliyeliuza ni mwanamke wa huku huku kwenu."

Ingegerd akaingia na mikate ya mdalasini. Akaona jiko, kisha akaona mkono wangu umeelekea upande gani.

"Ni jiko tu, kaka," akasema taratibu. "Baba angelipikia nini kule?"

Mimi nililibeba jeneza lile begani. Tuliposhuka ngazi za kanisa, kitu kiligonga ndani, upande wa miguu, nami nikatabasamu katikati ya machozi.

"Ingegerd," nikasema, "ulimwekea baba nini mle ndani?"