Mwalimu Aliyekataa Kulia

Mwanawe alizikwa Jumamosi. Jumatatu Mwalimu Jeanne aliingia darasani akiimba.

Upande wa pili wa ukuta wa mbao, Tabia, mwalimu mkuu, aliweka kalamu chini. Shule yao ilikuwa nyumba kuukuu ya mtaa wa Bellevue iliyokatwakatwa vyumba, na humo sauti haikuwa na pa kujificha. Saba mara moja, saba. Makofi mawili. Saba mara mbili, kumi na nne. Makofi tena, na vicheko vya watoto.

Nyimbo hizo ndizo zilizomfanya Tabia amwajiri mwanamke huyu wa Lubumbashi. Watoto wa Kikongo, wa Kirundi, wa Kitanzania, na hawa waliozaliwa hapahapa Joburg, unaowasemesha Kiswahili wakakujibu Kizulu, wote Jeanne aliwatia katika mdundo mmoja. Hesabu waliimba, miezi ya mwaka waliimba, hata mizizi na majani ya mmea waliyaimba. Mwanafunzi mmoja, Fiacre, na hesabu walikuwa paka na panya, lakini akishagonga dawati kwa vidole, jibu lilimtoka lenyewe.

Lakini leo? Udongo haujakauka!

Jeanne alikuwa na watoto wawili tu. Kabanga alisoma humo humo kwa mama yake, dawati la mbele. Mbuyi, kaka mtu, alibaki Lubumbashi kwa bibi, kwa kuwa siku ya kukimbia alikuwa mgonjwa. Kila Jeanne alipomnunulia Kabanga viatu, alinunua na vya Mbuyi, saizi ileile, akavituma kwa basi. Tabia alikuwa akimwonea huruma: mama aliye mbali husahau kwamba watoto hukua. Sasa homa imemchukua Mbuyi, na karatasi za ukimbizi hazikumruhusu mama kurudi kumzika.

Médiatrice, Mrundi aliyefundisha darasa la vitoto, alichungulia mlangoni.

"Unamsikia?"

"Namsikia."

"Jana tulienda kwake Berea kumpa pole. Nimeanza kulia tu, akanikatiza kwa wimbo! Ati nikitaka kulia niende kulilia kwenye ngazi. Sasa wazazi wanasema amemtoa mwanawe kafara. Kesho wengine hawaleti watoto wao hapa."

"Waache waseme."

"Na mimi nasema, Mama Tabia. Ule si moyo wa mtu."

Tabia hakuogopa wazazi, alimwogopea Jeanne. Yeye mwenyewe aliwahi kumzika mwanawe Seif kule Tanga, akajikaza, akaendelea kuuza vitumbua na kucheka na wateja, watu wakamsifu kwa subira yake. Siku moja akaanguka sokoni. Alipozinduka alikuwa hospitali, hajui hata jina lake, na akili zilichukua muda mrefu kumrudia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alijua chozi lililozuiwa linakokwenda, na hakuwa tayari kukaa nyuma ya ukuta akimsikiliza mwenzake akiangamia kwa makofi na jedwali la saba.

Akainuka, akaenda darasani.

"Mwalimu Jeanne, nakuomba usimamishe wimbo."

"Tumefika kwa saba mara nane, Mama Tabia. Acha batoto bamalize." Alikuwa akitabasamu, lakini macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi.

"Watoto, nendeni uani mkacheze."

Wakatoka mbio. Kabanga peke yake akabaki, ameshika ncha ya kitenge cha mama yake.

"Na weye utoke, Kabanga," Jeanne alisema upesi. "Enda na benzako."

"Mwache," alisema Tabia. "Na yeye amefiwa."

Akamkumbatia Jeanne. Mwili wa yule mama ulikuwa mkavu, umekakamaa kama mlango.

"Mficha maradhi, kilio humfichua. Hapa hakuna wa kukucheka. Lia, mwenzangu."

"Hapana. Nakuomba, Mama Tabia. Hapana hapa."

"Kwa nini si hapa?"

Jeanne alimtazama mtoto, akarudia kuimba, sasa kwa sauti iliyopasuka. Saba mara nane, hamsini na sita. Saba mara tisa. Mikono yake ilitafuta makofi, ikakosana njiani. Tabia aliona hawezi kuvumilia tena. Machozi yalikuwa yakimtiririka yeye mwenyewe, ya Mbuyi na ya Seif pamoja, na kwa upole wote aliokuwa nao akamwekea Jeanne kiganja mdomoni.

"Mbuyi hayupo tena, mama. Mlilie mwanao."

Kilio kikamtoka Jeanne tumboni, kikubwa, kirefu, kikamwita Mbuyi kwa jina, na kule uani watoto wakaacha kucheza. Médiatrice alikuja mbio, akasimama mlangoni, naye akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Tabia alizidi kumkumbatia mwenzake, akilia naye, akimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba amemuwahi.

Ghafla Jeanne akajinasua. Akamrukia Kabanga, akamziba masikio kwa viganja vyote viwili, akakigandamiza kichwa cha mtoto kifuani pake.

"Umenifanya nini, Mama Tabia?" alisema, akihema. "Hawa bawili nilibazaa siku moja. Kwetu pacha haliliwi: mwenzake akisikia, anamfuata."