Springi Nyekundu

Hakuna binadamu aliyewahi kumdanganya mama mkwe huyu. Mwenyewe alilitangaza hilo kila asubuhi kabla ya chai. Ukiwaondoa muuza saa, tapeli wa meno ya dhahabu na marehemu mumewe, aliyemdanganya miaka thelathini na mmoja mfululizo, alikuwa anasema kweli tupu.

Sasa alikuwa amekalishwa juu ya kreti la soda gereji, mkongojo mapajani, akimtazama mkwewe akichagua springi za kushusha gari.

"Ni kwa ajili yako, mama," mkwe alikuwa amemwambia. "Gari liko juu, na magoti yako hayo. Tukilishusha utaingia kama unakaa kitandani."

Kwa ajili yake! Mwanamume wa miaka arobaini na mbili, kipara kimeshapiga hodi, anataka gari lililochuchumaa kama la vijana, halafu anayasingizia magoti ya watu. Mama mkwe alimsamehe. Magoti yale yalishazoea kazi nyingi. Mwaka mzima yalikuwa yamekataa ngazi. Picha za hospitali zilishindwa kuyaelewa, hospitali zenyewe za siku hizi, na binti yake na mumewe wakahamia juu, chini ya mabati yanayochemka, wakamwachia chumba chao cha chini chenye dirisha kubwa na choo chake. Chumba kile asingekitoa hata kwa mfalme.

Kwanza binti mwenyewe hakuwa amelalamika. Asubuhi walipotoka walimwacha akipanda ngazi na shuka za mama zenye maua, eti anakwenda kuzianika, juu kuna upepo.

Fundi alipanga springi mezani. "Nyeusi zinashusha vidole viwili. Bluu, vidole vinne. Nyekundu..." Alitikisa kichwa. "Nyekundu, ukikanyaga sarafu utajua imelala upande gani."

"Nyekundu," mkwe akasema.

"Basi na shokapu fupi pia. Ukiacha hizi ndefu, springi zitacheza ndani, kila tuta utalisikia kwenye meno. Lakini bosi, kama nyumbani kuna mgonjwa wa magoti, mimi ninge..."

"Funga, fundi. Usinipotezee siku."

Mama mkwe alicheka kimoyomoyo. Maskini fundi, alidhani mtu mwenye kiherehere husikia ushauri. "Mfungie tu, mwanangu," alisema, akikanda goti la kulia, ambalo juzi lilikuwa la kushoto. "Mkwe wangu ananijali mno."

Mchana gari liliteremshwa kwenye jeki, likalala kama kuku anayeatamia. Njia nzima lilikwaruza matuta, na mama mkwe akawa anawasalimia wapita njia huku anatazama viatu vyao.

Nyumbani, binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

Mkwe alijaribu kutoka. Akatoa mguu mmoja, akashika mlango, akarudi kitini. Akashika paa, akaguna, akatoka mara ya tatu akiwa amejikunja. "Subiri, mama!" alisema akihema. "Tunakuja kukuvuta."

"Mnivute mimi ni kamba?"

Alichomoka mara moja, hakushika mlango, hakushika paa, akasimama wima kama mlingoti. Lazima amsifie mkwe, asije akalirudisha gari juu na kuanza maswali. "Mnaona?" akatamba. "Gari likiwa chini, magoti yanapumua! Ningekuwa na gari hili tangu mwaka jana, nisingeteseka."

Hakuna aliyempongeza. Mkwe alikuwa anajinyoosha kiuno.

"Fundi anasema wenye magoti mabovu huwa wanainuliwa gari, mama, hawashushiwi," alisema kwa adabu zote. "Kwenye kiti cha chini namna hii, mgonjwa hutolewa na watu wawili."

"Aa, leo... leo dawa imeniingia vizuri."

"Tunashukuru. Kesho springi zinarudi kwake. Kaniazima kwa siku moja tu."

Binti aliinama, akautoa mkongojo uliosahaulika kiti cha nyuma, akauweka begani mwake mwenyewe.

"Shuka zako nimeshazitandika, mama. Juu."