Bibi wa Ghorofa ya Tatu

Jua lilibakiza kitambo tu ukutani, na mpigapicha bado alikuwa anawabembeleza wapangaji waingie ndani. Waliposikia kuna kupigwa picha, wote walitoka wamependeza. Msanifu wa jengo hilo alikuwa amemwonya asionekane mtu hata mmoja pichani, na jana yake mawingu yalishamharibia kazi.

Waliingia wakinung'unika. Akabaki bibi wa ghorofa ya tatu, kwenye roshani, amevaa gauni alilovaa kwenye harusi ya mwanawe.

“Bibi, nakuomba. Napiga jengo, sipigi watu.”

“Nimeshajipaka mafuta, mjukuu wangu. Siingii.”

Mori ulimpanda mpigapicha, akaumeza. Kivuli kilishafunika ghorofa ya pili. Juu yake, uso wa bibi uling'aa kuliko vioo vyote.

Akashusha pumzi, akainamia kamera.

“Haya. Kidevu juu kidogo.”