Mkanda wa Mama na Anti Chemutai

Siku hizi wanawake wanaocheza tenisi wawili wawili hufungwa mkanda wa mkononi unaounganisha hisia zao, kuanzia mechi ya kwanza hadi watakapotolewa mashindanoni. Mmoja akiumwa goti, wote wawili huchechemea. Hakuna tena kugombania mpira.

Mama na mwenzake, Anti Chemutai, walikuwa wamefika fainali. Mimi, niliyefunga shule ya bweni juzi, nilifanya utafiti muhimu kwa taifa: nilimtilia Mama pilipili kwenye chai. Aliinywa yote, macho makavu. Simu ikalia.

"Mumbua, mtundu wewe!" Anti Chemutai alifoka kutoka kwake, akikohoa. "Mtu mzima nalia mbele ya wakwe!"

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Mama hakucheka. Alikichungulia kikombe.

"Kwani uliweka nini?"

Akanieleza kwamba tangu nusu fainali hisia zake zote huishia kwa Chemutai. Madaktari wa mashindano wanasema huenda zikamrudia wakishindwa.

"Basi shindweni, Mama."

"Kombe nimelingoja tangu hujazaliwa."

Asubuhi ya fainali nilimkumbatia mlangoni kwa nguvu, kama siku aliponiacha kidato cha kwanza nikijifanya silii. Alinipapasa mgongo kwa uangalifu, kama anayepiga nguo pasi. Simu ikalia mfukoni mwake, akanipa.

"Nimelipata kumbatio lako, mwanangu," Anti Chemutai alisema akilia. "Lote."