Congé Jemima Hakuomba

"Ni miye nilifuta," Jemima akasema.

Alisema akiwa amesimama kwenye mulango ya bureau, sakoshi ingali mu bega, juu neno kama ile ukiikalia inazidi uzito. Siku ya posho, ile ya mbele ya siku ya mungu, alikuwa anajaribu programme mupya ya ordinateur, na akafuta liste yote ya dawa ya depot moya ya Kirumba, client yao. Yote. Hata aspirine haikubaki.

Akangojea makelele. Hakuna mutu alipandisha kichwa.

Patron Ananie, ule mwenye alipigaka kelele juu ya kialama moya tu ya virgule mupaka bafundi ya saloni ya chini bakapanda kuangalia nani anachinjwa, akatosha lunettes yake ya macho, akaipanguza, akairudisha.

"Haiko kitu, mutoto yangu," akasema pole pole. "Tutaitafuta. Kaa kwanza."

Pale njo Jemima alijua kama kazi yake imekwisha.

Alikuwa na miezi ine tu mule ndani. Siku ya kwanza patron alimuambia kama hapa Butembo bureau zingine ziko na bafanyakazi, lakini yao iko famille. Ile famille ilikuwa inatoka kazini saa mbili ya usiku. Siku ya mungu, kiisha misa, ilikuwa inarudia kazi. Na wakati ya Pâques, ile Pasaka, Jemima alipoomba siku mbili aende Beni kusalimia mama yake, mwenye alikuwa analalamika kichwa kidogo, balimujibu asema famille haiachanake mbele ya livraison, mbele kazi ifikie client.

Kiisha kulikuwa mambo ya Luc, programmeur wa kwanza. Mwezi ilipita Luc alikosea na client. Asubui bakamutosha mu groupe ya WhatsApp. Saa sita bakamukamata ordinateur. Mangaribi kiti yake ilikuwa na mutu mwengine, na hakuna mutu alitaja jina yake tena.

Saa ine, simu ya Jemima ikaonyesha kama Élise amemutosha mu groupe.

Élise, secrétaire, alikuwa amekaa mètre mbili mbele yake. Jemima akamuuliza. Élise akasema ni réseau ya simu, petite, leo réseau iko na mashetani, na alisema vile akiangalia meza. Kiisha akamuomba ile simu, juu simu yake yeye haina unités ya kupiga. Hakuirudisha.

Saa sita, patron mwenyewe akamuita. Aache ordinateur pale kwenye meza. Achukue congé, aende kwao Beni, apumuzike.

"Siku ngapi, patron?"

Patron akageukia dirisha. "Siku yote utahitaji."

Haikuwa kazi njo ilimuuma Jemima. Ilikuwa mama. Mama Kahongya alimusomesha na maharagi, bassin kwa bassin, mu soko ya Beu, kule Beni, miaka tano. Alipopata kazi, mama alishukuru Mungu na Kinande, "Wasingya, Nyamuhanga," mara kumi, kiisha akaenda kutangazia banamuke ya soko asema binti yake anafundishaka mashini kufikiri. Banamuke bakauliza kama ataweza kufundisha bwana zao pia. Sasa mama ile atapita namna gani mbele yao?

Luc alitoka na miguu yake. Jemima, bakamupatia hata escorte: voiture ya bureau, Bilali, shoferi, kwenye volant, na Élise kando yake nyuma, asema naye iko na kazi Beni. Bilali akachelewesha safari saa mbili muzima juu ya pneu moya, ule mupira ya gurudumu. Jemima aliiangalia ile pneu. Haikuwa na kitu.

Mu barabara Bilali, mwenye kwa kawaida kutoka Butembo mupaka Maboya anamalizaka habari ya mashemeji yake bote, hakufungua kinywa. Radio nayo akaizima.

Élise akamushika mukono. Jemima akautosha.

"Yaya Élise, mulifanya Luc vile vile. Hapana kuniita famille tena."

Élise akaanza kulia, bila sauti, akiangalia inje. Jemima akajiambia kama machozi ya secrétaire nayo iko mu contrat.

Aliwaza kuomba simu yake, amujulishe mama kama anakuja. Kiisha akaacha. Neno ya namna hii haisemwake mu simu. Unaifikisha mwenyewe, mutu akiwa amekaa, na batu yake kando yake. Akaanza kuipanga mu kichwa: Mama, banifukuza. Ni kosa yangu. Nitatafuta ingine, usiambie banamuke ya soko kwanza. Aliirudilia mupaka ikawa laini, mupaka barabara ikakwisha.

Beu, Bilali akasimamisha voiture mbali na kwao. Jemima akashuka, Élise nyuma yake akimubebea sakoshi.

Mu kiwanja ya kwao kulikuwa bâche ya bleu imetandwa kama hema, na viti ya kukodisha. Moto ilikuwa inawaka muchana. Banamuke ya soko balikuwa pale bote, vitambaa imefungwa mu kiuno. Na chini, kwenye mukeka, katikati ya bajomba yake, patron Ananie alikuwa amekaa bila viatu, na bureau muzima kando yake.

Bote bakamugeukia.

Jemima akasimama na maneno yake mu kinywa.

"Mumuite mama," akasema. "Nimekuja kumuomba musamaha. Tafazali, mutu moya aingie ndani amuite."

Hakuna mutu aliinuka.