Mluzi wa Pentekoste

Padri Anselme alipoinama mbele ya altare, mluzi ukalia kanisa zima: mwembamba, mrefu, usio na haya. Mbwa waliokuwa nje wakauitikia. Padri akaendelea na Misa kwa utulivu, kama mtu asiyesikia kitu. Alipoinuka, mluzi ukakoma. Alipoinama tena, ukarudi.

Modeste, aliyechuchumaa kando ya hoparleri, yaani spika, alitamani sakafu ipasuke immeze. Ampli ile, mashine ya kukuza sauti, aliiunda mwenyewe nyumbani kwa miezi minne, kwa taa za kioo zilizotolewa ndani ya radio mbovu na bati la makopo ya maziwa. Pentekoste ya mwaka 1956 ilikuwa iwe siku yake ya kuheshimiwa. Badala yake, mbele ya waumini mia tatu, alikuwa amempigia Mungu mluzi.

Hayo si maneno yangu. Ni ya Muzee Habarurema, baba ya Mukabalisa, mchumba wa Modeste. Aliyatamka pale pale mlangoni pa kanisa, kofia mkononi, watu wakisikiliza.

"Umemupigia Mungu muluzi, kijana. Mungu! Na mimi nikupatie mutoto wangu?"

"Papa, nitaitengeneza."

"Tengeneza. Nikikuta bado ni mugonjwa, uje uchukue ng'ombe zako. Mukabalisa utamuona siku ya Hukumu."

Yakaanza majuma matatu ya toba. Kwenda karakana alikofanya kazi, Modeste aliacha barabara ya sokoni, akapita juu ya mawe makali ya volkano mpaka viatu vikaisha visigino. Haikumsaidia. Watoto walimngoja kwenye kona, wamejipanga kwa nidhamu ya kwaya. Akitokea tu, waliinama wote pamoja na kupiga mluzi mmoja. Wauza maharage walimwita Fundi Filimbi. Jumapili aliingia kanisani wa mwisho, akasimama nyuma ya nguzo nene kuliko zote.

Mtu ambaye Modeste alimwonea aibu zaidi ni padri mwenyewe. Zamani Padri Anselme alikuwa na masikio mazito. Ukienda kuungama, ilibidi uzipigie kelele dhambi zako. "Paza sauti, mwanangu, paza sauti!" alikuwa akisema, mpaka foleni nzima ikajua nani aliiba kuku wa nani. Kisha akaenda likizo Ulaya, akapitia Lurdi kuhiji, akarudi anasikia hata minong'ono ya benchi la mwisho. Watu wakamtukuza Mungu. Padri hakukubali wala hakukanusha. Alitabasamu tu, mkono kifuani. Tangu hapo hata mbwa walimfuata njiani, masikio yamesimama, jambo ambalo, kwa mujibu wa wazee wa parokia, huwatokea watakatifu.

Na Misa ya mtu wa namna hiyo ndiyo Modeste aliyoiharibu.

Kila jioni aliifungua ampli juu ya meza yake ya mbao za sanduku. Alipasha moto chuma cha kulehemu nyaya kwenye mbabula ya makaa, akausogeza waya wa mikro, chombo cha kusemea, mbali na waya wa hoparleri. Alijua vizuri: sauti inayotoka kwenye hoparleri ikirudi kuingia kwenye mikro, mashine hujisikia yenyewe na kupiga mayowe. Akauvika waya karatasi za rangi ya fedha za pakiti za sigara. Akawasha. Kimya. Akainama mbele ya mikro kama padri. Kimya. Akaimba Gloria yote, akainama tena, akaomba radhi kwa Kilatini cha kubahatisha. Kimya.

Nyumbani haikulia hata mara moja. Hilo ndilo lililomvunja moyo. Ugonjwa usiojionyesha utautibu vipi?

Jumamosi ya tatu, adhuhuri, Muzee Habarurema akaja kukagua. Alikuja na Mukabalisa, na padri, na nyuma ya padri mbwa wawili. Wakamkuta Modeste ameketi mbele ya ampli iliyopasuliwa kama kuku wa sikukuu. Taa zake nne zilikuwa zimepangwa dirishani. Betri aliyoiazima alikuwa amekwisha kuirudisha karakana.

"Umeiponya?" akauliza muzee.

"Hapana, papa." Modeste hakuinua macho. "Nimepita waya kwa waya. Kosa sikuliona. Mimi si fundi. Kesho nitakuja kuchukua ng'ombe."

Mukabalisa akageukia ukuta.

"Padri, umesikia mwenyewe," akasema Muzee Habarurema. "Mimi sina neno lingine."

"Nimesikia vizuri sana," akajibu padri, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. Kisha akamtazama Modeste, huruma ikamshika. "Simama, mwanangu. Mimi nimekwisha kukusamehe."

Akamkumbatia, akamkaza, kichwa chake akakiinamisha chini kabisa, sikio likagusa bega la kijana.

Mluzi ukalia. Mwembamba, mrefu, usio na haya.

Mbwa wakaruka. Muzee Habarurema akaitazama ampli: matumbo nje, taa dirishani. Mukabalisa akageuka kutoka ukutani. Modeste akarudi hatua moja nyuma. Polepole, macho ya wote watatu yakafuata waya mwembamba uliochomoza nyuma ya sikio la padri, yakatua kwenye kifua chake.

Padri akatazama walikotazama. Akawa mwekundu kama nyanya. Mkono wake ukaingia upesi ndani ya kanzu. Kitu kikalia *tak*, na mluzi ukafa.

"Padri?" akaita Muzee Habarurema kwa sauti ya chini.

Padri Anselme akakinga kiganja sikioni. "Nini? Paza sauti, mwanangu, paza sauti!"